Askari wa Miaka Ijayo Aliyelala Chali Sapiwi

Mihayo Mboje,
Manju wa Bagalu, Ngulyati,
Bariadi, Mkoa wa Shinyanga.
Julai 1994.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA ASKARI WA PLASTIKI

Mwangaluka. Kama barua hii itakufikia mchana, basi mwadila. Hapa nyumbani sote hatujambo, isipokuwa heshima yangu, ambayo haiko vizuri, na ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Mimi ni manju wa ngoma ya Bagalu hapa Ngulyati. Labda umenisikia. Ndimi niliyecheza na chatu kule Shishiyu, mwaka ule wa mvua nyingi, mpaka chatu mwenyewe akaomba kupumzika. Shule nilifika darasa la tano, nikaacha kwa sababu mwalimu alikuwa amebakiwa na machache ya kunifundisha, nami sikutaka kumwaibisha mbele ya watoto.

Kwa wasomaji wako wa mbali wasiojua mambo yetu, nieleze kidogo. Pamba ikishavunwa, sisi Wasukuma tunashindana ngoma. Bagalu upande huu, Bagika upande ule, uwanja mmoja, na ngoma zote zinapigwa kwa pamoja. Hakuna mtu wa kutoa maksi. Jua likizama, mwenye watu wengi upande wake ndiye mshindi, basi, hakuna rufaa. Ndiyo maana kila manju hutafuta kitu cha kuvuta watu: nyoka, fisi, sanamu ya mti inayokata kiuno. Mwaka jana manju wa Bagika, bwana mmoja anaitwa Salu, alileta nungunungu aliyevaa kaptula. Akanichukulia watu wote. Hata mke wangu Milembe nilimwona kule, tena mstari wa mbele. Nilipomuuliza alisema alikuwa anatafuta mtoto aliyepotea. Ndugu Mhariri, watoto wetu wote wameshaoa.

Baada ya aibu ile, shemeji yangu Anatoli, mdogo wake Milembe, alisimama mbele ya wanachama wa ngoma yetu akasema, "Shemeji, umefanya kazi, pumzika. Nipe mimi ngoma." Anataka kuleta gitaa. Gitaa, Mhariri, kwenye Bagalu! Kwa hasira nikaapa mbele ya wote kwamba mwaka huu nikishindwa, Anatoli aje Jumapili baada ya misa achukue ngoma kubwa, ile aliyoniachia marehemu baba yangu.

Hapo ndipo askari huyu alipoingia maishani mwangu.

Tangu mambo yawe ruksa, duka la Twaibu pale Bariadi mjini halikosi kitu. Zamani tulipanga foleni ya sabuni. Siku hizi sabuni zipo za kila rangi na foleni hakuna, kilichoadimika ni cha kununulia. Basi, juu ya rafu, kati ya vitenge na taa za kandili, nikamwona amesimama ndani ya boksi lenye dirisha la nailoni, urefu kama magunzi mawili ya mahindi yaliyounganishwa, kavaa kofia ya chuma inayofunika uso na mavazi magumu kama gamba la kobe. Twaibu alinisomea maandishi. Akasema, "Mzee Mihayo, huyu si mdoli wa watoto. Watu wa Ulaya wanamtunza kabatini. Ni askari wa mwaka 2300, anapigana vita vya kwenye nyota, anatembea na kusema. Ila usimtoe kwenye boksi, thamani yake ni boksi." Nikamwambia jogoo hanunuliwi akae kwenye tenga. Nikatoa beberu wangu, nikaondoka na askari.

Sasa nayataja malalamiko kwa namba ili wenye kiwanda wasipate pa kujifichia.

1. Bunduki yake haina tundu. Nimechungulia mbele, nimechungulia nyuma, ni ukuta mtupu. Mimi nimepita mgambo na bunduki nazijua; nilipata kufyatua risasi moja ikaua kanga wawili na wa tatu akajisalimisha. Twaibu anasema hii hupiga kwa mwanga. Mwanga upo, ni mwekundu, unawaka na kuzima. Nimemjaribu kwa nzi. Nzi aliukalia.

2. Ndani ya boksi amekuja na mikono ya akiba. Ukitaka unachomoa huu unapachika ule. Mmoja umekunja ngumi, mwingine umefunuliwa kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Naomba wasomaji walitafakari jambo hili. Askari anayekwenda vitani na mikono ya akiba ameshajiandaa kushindwa. Babu zetu walikwenda na mikono miwili na wakairudisha yote.

3. Kofia ikivuliwa, chini yake kuna kijana laini, hana ndevu, hana kovu, hana hata chunusi. Nilikuwa nimewatangazia wanachama kwamba nimepata mtu wa kutisha. Milembe alipomwona alipiga makofi akasema, "Mayu we! Huyu ni mtoto wa watu, mrudisheni kwa mama yake." Tangu hapo nikakataza asivuliwe kofia.

4. Nilimgharamia dawa na hakuwa na shukrani. Kila kitu cha ngoma lazima kipakwe samba, yaani dawa ya kuvuta watu, kwa hiyo nilimpeleka kwa mganga wetu Mahona. Mahona akataka kumchanja chale begani. Wembe wa kwanza ukakatika, wa pili ukakubali. Kisha akampaka dawa iliyokorogwa na samli, shingoni, magotini, kila kiungo kinachopinda, mpaka ndani ya kile kichumba cha mgongoni yanamokaa mawe ya redio, yaani betri. Akaniambia, "Manju, huyu popote atakapokuwa, watu watajaa." Nataka ieleweke pia kwamba mawe yenyewe niliyatoa kwenye redio ya nyumbani, na Milembe hajasikia matangazo ya vifo tangu siku hiyo. Anasema ndugu zake wanaweza kwisha bila yeye kujua.

5. Siku yenyewe. Tulikutana na Bagika kwenye uwanja wa Sapiwi. Salu alikuwa na nungunungu wake yuleyule, safari hii kamwongezea koti. Nikacheka moyoni. Nikainua usinga, ngoma zikanyamaza, nikaweka askari wangu chini mbele ya umati na kupiga kelele, "Askari! Mbele, tembea!"

Akatembea. Siwezi kumnyima haki yake, hatua za mwanzo alizipiga vizuri, na watu waliguna. Kisha sijui nini kilimpata magotini, goti moja likagoma, kichwa kikageuka kikanitazama mimi badala ya adui, akaanguka chali. Na pale chini hakutulia. Akawa anarusha miguu hewani kama mende aliyepinduliwa, bunduki inawaka na kuzima, anapiga kelele maneno yake ya kwenye nyota, yaleyale, yaleyale. Nikamwamuru ainuke kwa Kiswahili. Nikamwamuru kwa Kisukuma. Nikamwamuru kwa Kiingereza nilichonacho, "Stendi apu!" Akazidi kurusha mateke. Mama mmoja akasema, "Manju, mbembeleze, labda ana njaa."

Ikabidi, kama kamanda, nilale chali kando yake nimwonyeshe kwa vitendo namna askari anavyoinuka. Hapo ndipo kiuno kikanishika. Kwa muda fulani tulikuwa wawili pale chini, mimi na yeye, tunarusha miguu. Kicheko kilianza kwa wanawake, kikashika wazee, kikaenda mpaka kwa wauza karanga. Milembe nilimsikia waziwazi. Nikasikia na mtu akisema, "Anatoli, ngoma ni yako."

Kiuno kilipofunguka, niliondoka uwanjani kupitia mashamba ya pamba. Sikugeuka nyuma hata mara moja, maana manju aliyeshindwa anakijua kilichoko nyuma yake. Kuna wanaosema nilikimbia. Sikukimbia. Nilitembea kwa kasi ambayo viatu vilishindwa kuifuata, ndiyo maana vilibaki. Tangu hapo niko ndani. Watu wakipita njiani wanaimba wimbo ambao nasikia una jina langu, na mimi naziba masikio.

6. Hili la mwisho ndilo zito, na naomba liandikwe kwa herufi kubwa. Boksi linasema askari huyu anatoka mwaka 2300. Maana yake haya ya kwetu sisi, kwake ni mambo ya kale, alishayasoma shuleni. Kwa hiyo tangu yuko kwenye rafu ya Twaibu alikuwa anajua kwamba ataanguka Sapiwi, akanyamaza, akaangalia beberu wangu akitolewa. Huo si ubovu wa bidhaa, Ndugu Mhariri, ni njama. Na kama jeshi la mwaka 2300 limeshajaa wajukuu wa Salu, wajukuu wangu mimi watatetewa na nani?

Kwa hiyo naomba: askari wote wa plastiki wanaoingizwa nchini watembezwe kwanza mpakani, kwenye mchanga, wakiwa wamepakwa samli. Pili, kiwanda kimtume ofisa aje kumchukua mtu wao, na aombe radhi mbele ya ngoma yangu. Tatu, Serikali yetu iwaandikie wa mwaka 2300 kuwauliza wana ugomvi gani na Bagalu. Na yote haya yafanyike kabla ya Jumapili. Ngoma hii baba aliiwamba ngozi mwenyewe, na tangu nizaliwe sijaona kona ile ya nyumba ikiwa tupu. Leo nimeifuta vumbi. Sijui Anatoli kama anajua kwamba haipendi kukaa karibu na moshi.

Wasalimie wote hapo gazetini, na yule anayepanga herufi, na wake zao, na ng'ombe zao kama wapo. Wakija Ngulyati wasilale hotelini.

Wako aliyeangushwa ila bado hajalala,

Mihayo Mboje
Manju wa Bagalu (mpaka Jumapili)

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Anatoli amefika na wanachama wote, wamembeba askari ndani ya ungo. Nilidhani wameiwahisha Jumapili, kwa hiyo nilikaa juu ya ngoma. Anatoli akasema, "Shemeji, shuka. Umeshinda." Kumbe nilipoondoka, askari aliendelea kurusha miguu mpaka jua linazama, na watu walizidi kuja kuuliza kuna nini, na waliokuja hawakurudi. Nungunungu alibaki peke yake na koti lake. Salu mwenyewe alivuka uwanja, akachungulia, akauliza yule mzee wa kulala chini anarudi saa ngapi. Ule wimbo wenye jina langu ni wa sifa, ingawa sijaelewa ubeti wa viatu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, futa malalamiko namba 1 mpaka 6. Ngoma inabaki kwenye kona yake, na Milembe ameruhusu mawe ya redio yabaki mgongoni. Tafadhali wahi kuwaandikia wenye kiwanda wasiguse magoti. Kama wameshaanza kuyarekebisha, waache.

Mwezi ujao tunakwenda Shishiyu. Wanachama wamekata shauri kwamba siku hiyo askari aanguke vilevile, nami nilale kando yake vilevile, halafu nikimbie. Nimewaambia kwamba mimi sikukimbia. Anatoli akasema, "Sawa, shemeji. Basi na Shishiyu usikimbie hivyohivyo, kwa mwendo uleule, na viatu uviache."