Malalamiko Dhidi ya Kukubaliwa Kila Ninachosema

Makorora, Tanga.

Kwa Bwana Zubeiri,
Mwenyekiti wa Baraza ya Kahawa.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima yote ya cheo chako, heshima ambayo mwaka jana nisingekupa.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo haiwezekani tena: nikisema neno hapo barazani, nakubaliwa kabla sijalimaliza. Kama wajumbe wote wanavyojua, kabla ya masika nilianguka kutoka juu ya paa nikirekebisha ungo wa televisheni. Uti wa mgongo uliumia, na tangu hapo miguu yangu haipokei amri. Nililazwa, nikafundishwa upya kukaa, kujigeuza na kuvaa suruali, nikarudi nyumbani na kiti cha magurudumu. Hayo nimeanza kuyazoea. Nisioweza kuwazoea ni ninyi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kubebwa. Kila nikifika kwenye ngazi za baraza mnaniinua bila kuniuliza, kama robota la mkonge linalopakiwa kwenye lori. Mdomo ninao. Niulizeni. Juzi mlinitua upande wa pili nikiwa katikati ya sentensi, na hakuna aliyetaka kujua ilikuwa inaelekea wapi.

2. Goti. Mtaalamu wa mazoezi alieleza, nami nimerudia kueleza, kwamba miguu ya mtu aliyeumia kama mimi hurukaruka yenyewe bila mwenyewe kuiagiza. Hata hivyo, siku goti langu liliporuka mbele yenu, Ibrahimu alipiga takbiri, Suleimani akatoka mbio kutafuta jogoo, na kufika adhuhuri dua ya shukrani ilishasomwa na pilau imeiva. Nilikula, tena niliongeza. Lakini tangu siku ile hakuna anayenitazama usoni. Mnaongea na goti.

3. Nasma. Mke wangu akinisukuma mpaka hapo, mnamuuliza yeye: "Shemeji, anakunywa kahawa huyu?" "Shemeji, hasikii baridi?" Mimi nipo hapo hapo, mtu niliyewagombeza ninyi nyote tangu hamjaota ndevu.

4. Dhumna. Suleimani hajawahi kumwachia mchezo hata mama yake mzazi. Sasa ananiachia mimi. Nimemwona kwa macho yangu akificha kete ya ushindi chini ya paja, kisha akatikisa kichwa na kusema, "Kaka Uweso, leo umetuweza." Huo ni wizi, tofauti ni kwamba mwizi anajiibia mwenyewe.

5. Kukubaliwa. Nilipoanza kushuku jambo hili niliamua kufanya utafiti. Jumatatu nilisema watu wa Kigombe hawajui kupika samaki. Ibrahimu amezaliwa Kigombe, na aliwahi kumnunia shemeji yake kwa ajili ya changu mmoja aliyekaangwa vibaya. Alimeza mate, akasema, "Kweli kabisa, kaka." Jumanne nikasema Pangani ni mji mkubwa kuliko Tanga. Mkaitikia. Jumatano nikasema jua huchomoza upande wa Lushoto. Suleimani aliinamisha kichwa, akajibu, "Kwa mtu anayeangalia vizuri, ndiyo."

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma vitabu maisha yangu yote ili nibishane na watu. Vyama vya siasa vimenifukuza, maimamu wawili wamenikataza kuuliza maswali, mhariri mmoja amenirudishia makala akiwa ameiandikia matusi pembeni. Hayo yote yalikuwa maisha. Huu ushindi mnaonigawia bila jasho hupewa watoto wadogo na watu waliokwisha kuagwa.

6. Wewe. Nimekuweka mwisho kwa sababu kosa lako ndilo kubwa. Baba yangu alipozikwa, wewe, mtoto wa mjomba wangu na mtani wangu wa kuzaliwa, ulivaa koti lake, ukashika fimbo yake, ukakaa mlangoni ukakohoa kama yeye, ukawaagiza waombolezaji wasimalize ubwabwa. Mama alicheka huku analia. Ilikuwa haki yako, na ukoo mzima ulikushukuru. Sasa mimi nimeanguka kutoka juu ya paa huku nikiwahutubia majirani kwamba anayemlipa fundi ni mvivu wa kufikiri. Sikuimaliza hata hoja yenyewe. Utani huo umeanikwa juani, mnono, hauna mwenyewe, na wewe hujaugusa. Ukiniona unasema "pole, binamu," kisha unatazama viatu vyako. Baba alikuwa maiti ukamtania. Mimi ni mzima unaninyamazia. Niambie basi, mmeniweka kundi gani?

Kwa hiyo naomba baraza iazimie kwamba kuanzia Ijumaa hii, baada ya swala, nipingwe. Nipingwe kwa sauti, nikatizwe, niitwe mjinga inapobidi. Ibrahimu aitetee Kigombe. Nawe unitanie hadharani kuhusu lile paa, bila kubakiza kitu. Ikishindikana, nitahamia baraza moja ya Usagara. Hawanijui kule, na nasikia wanatukanana vizuri sana.

Mama yako umfikishie shikamoo yangu. Wajumbe wote nawasalimu, hata wasiostahili.

Ni mimi, ninayesubiri kukanushwa,

Uweso Jumbe.

Nyongeza: Nasma ameisoma barua hii kabla sijaitia gundi, na ameipinga yote. Anasema mnamuuliza yeye habari za baridi kwa sababu mimi nikiulizwa natoa mhadhara. Anasema Suleimani hajaniachia mchezo wowote, ila wote wawili hatujui kucheza. Nilipofungua mdomo kujibu, akanikatiza: nimekaa muda mrefu mno, nijiinue kwa mikono kwenye kiti sasa hivi kabla sijapata vidonda, halafu ninywe maji. Nikakataa. Akakataa kukataa kwangu. Nikajiinua, nikanywa, akasema sikunywa ya kutosha. Nimekumbuka kwamba tangu nitoke hospitali mwanamke huyu hajanikubalia jambo hata moja, kuanzia alfajiri mpaka taa inazimwa. Binamu, nimechoka. Barua hii usiisome barazani. Njooni leo alasiri, wajumbe wote, mkae upande wangu na mkubali kila nitakachosema.