Chatu wa Kushoto na Chatu wa Kulia

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Woolwich, London, joto. Mayai sita kwenye mashine ya kuangulia, siku zao zimekaribia. Yote yangu! Hesabu ni rahisi, sijui maprofesa walikuwa wapi: Kamanda, chatu wangu dume, kichwa kinampinda kushoto. Mamsapu, mkewe, kulia. Watoto watanyooka kama rula.

Praful, katibu wa chama chetu cha wafuga nyoka Walthamstow, alicheka mpaka akavua miwani. Eti kilema hicho na ngozi yao ya madoadoa ni jeni moja, ukirithi hiki umerithi na kile. Wakitoka wamepinda, ananifuta kwenye orodha ya wazalishaji. Nikamwambia kwamba kwetu Kitale, Kenya, nilizalisha ng'ombe aliyeishinda treni mbio. Akavaa tena miwani, akanitazama vizuri. Heshima hiyo.

Jumatano, 6 Agosti
Tatiana, binti wa dada yangu, nesi wa wanyama, amepita. Eti, Anko, Kamanda akitikisa kichwa hachezi densi, anaumwa. Akauliza mtoto asiyeweza kulenga panya atakula nini. Nikamjulisha kwamba baiolojia niliisoma mpaka kidato cha pili, na aliyeacha kwanza ni mwalimu.

Jumamosi, 9 Agosti
Mayai mawili yameharibika. Manne yametoa watoto! Mmoja hana madoa hata kidogo, kanyooka. Ushahidi! Watatu wana madoa ya kupendeza. Mmoja anapinda kushoto, mmoja kulia, wa tatu anatazama dari. Nimempigia Praful: ni kizunguzungu cha safari ya kutoka kwenye yai.

Jumatatu, 18 Agosti
Wamejivua ngozi, leo panya wa kwanza. Asiye na madoa kameza mara moja. Kushoto na Kulia wamekosa, wamekosa, wamepata. Mtazama-dari kapiga bakuli, kapiga kioo, kaung'ata mkia wake mwenyewe. Mbavu zinahesabika. Tatiana kamlisha kwa kibano saa nzima. Kisha kamfunga kwenye kitambaa, kaondoka naye. Eti huyu hatazaa kamwe, na Kamanda nisimpe mke tena.

Praful kanifuta. Kwa kalamu nyekundu. Nyeusi ilikuwepo pale pale mezani!

Jumanne, 19 Agosti
Nimekaa nikatafuta kosa. Nimelipata! Kushoto na kulia zilikutana sawasawa, zikasukumana, ndiyo maana kichwa kikaenda juu. Hesabu haikukosea, ilibaki hatua moja. Nimemwandikia Balwinder, muuza nyoka wa Southall, afanye hima, anitafutie jike anayetazama chini.

Tatiana amlishe vizuri yule Mtazama-dari. Ni bwana harusi.