Mkate wa Kiwango cha Mwenyekiti

Mamlaka ya Kiamshakinywa ya Nyanda za Mlimani inafurahi kuwatangazia wananchi wote, kuanzia Karatina hadi Gakindu, kwamba enzi ya kununua mkate dukani imefikia kikomo. Kuanzia sasa kila kaya itajiokea. Hatua ya kwanza, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni Mamlaka kuchagua mashine moja ya kuoka mkate nyumbani, kuijaribu katika Kaya ya Mfano, kisha kuweka kiwango. Hatua ya pili itatangazwa hatua ya kwanza itakapokwisha.

Tangazo hilo lilisomwa na Wamae, Kaimu Mkurugenzi, akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi pale Ruring'u mbele ya maikrofoni mbili, moja ikiwa nzima. Alilisoma vizuri. Wamae alikuwa mtu wa kusoma vizuri, kufika mapema na kutii kila agizo hadi nukta ya mwisho. Kasoro yake ilikuwa moja tu: lile neno "Kaimu". Lilikuwa limemganda kama matope ya Mukurweini kwenye gambuti. Wakurugenzi wa mamlaka nyingine walikuwa wamethibitishwa, wamestaafu, mmoja hata amezikwa kwa hotuba ndefu, na yeye bado alikuwa anakaimu.

Wa kumthibitisha alikuwa mtu mmoja, Mheshimiwa Mathenge, Mwenyekiti wa Bodi, mwanamume mpana ambaye hakuwahi kufunga mlango wa gari lake mwenyewe.

"Wamae," alimwambia siku ile, "hii maneno ya mkate ikienda vizuri, hiyo kaimu tunatoa. Ikienda vibaya, tunatoa wewe, tunabakisha kaimu."

Wamae hakulala vizuri tena.

Mashine haichaguliwi kiholela. Kwanza kamati ya Mamlaka ilifunga safari ya mafunzo hadi soko la Karatina, ambako hakuna mashine ya mkate hata moja, na baada ya kukagua viazi na kabichi ikathibitisha kwamba kweli pengo lipo. Ikapita Gakindu, ikakagua mashine ya kumenya kahawa, kwa hoja kwamba nayo ni mashine. Posho ikalipwa. Ndipo Benter, Afisa wa Ununuzi, mama wa kutoka Siaya aliyekwisha kujifunza kucheka bila kusogeza uso, akaenda tu kwenye duka la vyombo vya umeme mjini Nyeri na kurudi na mashine tatu.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya mkate wa watu wawili. Ilikataliwa. Kamati ilisema watu wawili si kaya, ni mazungumzo.

Ya pili ilikuwa na kioo kwenye kifuniko.

"Hii ndiyo mnataka," Benter alisema. "Unaona unga ikiumuka bila kufungua. Mkate hapendi kufunguliwa-funguliwa."

Mathenge akaiangalia kama mtu anayeangalia jirani asiye na pazia. "Kioo ya nini? Mambo ya ndani ibaki ndani. Ni lini sisi kama Mamlaka tumefanya kazi watu wakituangalia?"

Hakuna aliyekumbuka siku kama hiyo. Kioo kikakataliwa.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, haina kioo, na ilikuwa na vitufe vingi kuliko nyingine, kimoja cha kupika jemu na kingine ambacho hata kijitabu chake kilikikwepa. Ilibebwa na watu wawili, jambo lililoonekana kuwa la heshima. Ilichaguliwa kwa kauli moja, kauli ya Mwenyekiti.

Kaya ya Mfano nayo ikawa nyumba ya Wamae, kwa kuwa kaimu hana nafasi ya kukataa. Mkewe, Wangui, aliikuta mashine juu ya meza ya jikoni.

"Baba Mwai, hii ni nini?"

"Ni mali ya Mamlaka."

"Basi mali ya Mamlaka ikae kwa Mamlaka. Hapo ndipo naweka sufuria ya githeri."

"Mama Mwai, hii ndiyo itaniondolea kaimu."

Wangui akamtazama mumewe, akaona jinsi shingo ilivyokonda ndani ya kola. Akaisogeza sufuria. "Iondoe haraka," alisema.

Jaribio la kwanza lilifanywa na kamati nzima, ikiwa imevaa suti, jikoni mwa Wangui. Unga ukatiwa, maji, hamira, sukari, chumvi, na mashine ikaanza kukanda. Hapo ndipo suala la ukaguzi lilipoibuka. Kwa kuwa hapakuwa na kioo, ilibidi kufungua. Na kwa kuwa hakuna afisa anayeweza kutia sahihi kitu kilichokaguliwa na mwenzake, ilibidi kila mmoja afungue mwenyewe, kuanzia wa chini hadi wa juu. Msaidizi alifungua, akatikisa kichwa, akafunga. Afisa alifungua. Afisa Mwandamizi alifungua na kukaa kidogo, kulingana na cheo chake. Wamae alifungua wa mwisho na kusema, "Naam. Ni unga."

"Mnamwaga joto yote," Wangui alisema kutoka mlangoni. "Na hii baridi ya Nyeri, hata sisi watu hatuumuki."

Mkate ulitoka mfupi kama kigoda. Taarifa rasmi ilisema umeonyesha uthabiti.

Ukazuka ugomvi wa kuugawa. Kamati, ikiwa imelelewa vyema, haikujua chakula cha heshima kisicho na sehemu za watu. Mbuzi wa ruracio, yaani wa mahari, ana mpangilio: figo ni za watoto, masikio ni ya wasichana, na ole wake mzee atakayepewa kipande cha mwenzake. Basi mkate nao ukapangiwa. Ganda la juu likawa la maafisa, la pembeni la wageni, nyama ya katikati ya wananchi. Sehemu ya chini, iliyo nzito na iliyokaa karibu na moto, ikawa ya Mwenyekiti peke yake. Benter aliuliza ni sehemu gani ya mtu aliyenunua mashine, akaambiwa suala hilo litachunguzwa.

Majaribio yakaendelea, na kila mkate ulikuwa thabiti kuliko uliotangulia. Mathenge, kwa simu, akatangaza kwamba Jumamosi saa nne asubuhi atakuja mwenyewe kula mkate mbele ya wananchi, na papo hapo atatoa uamuzi juu ya Wamae.

Jumamosi alfajiri kamati ilibisha hodi. Wangui akasimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi.

"Leo hakuna kukagua. Kila mtu nje. Hata wewe, Kaimu."

"Lakini Mama Mwai, nani atasimamia?"

"Mashine."

Akapima vitu vyake, akabonyeza kitufe, akafunga kifuniko, akaenda kuanika nguo. Wamae alizunguka nyumba mara nyingi kama mume ambaye mkewe yuko leba. Ilipokaribia saa nne harufu ikapenya dirishani, ikavuka ua, ikafika kwenye tenti walikoketi majirani walioalikwa kuwa wananchi. Wangui akautoa mkate. Ulikuwa mrefu, wa rangi ya udongo wa mlimani baada ya mvua, na ulipobonyezwa ulirudi wenyewe.

Saa nne ikafika. Mathenge hakufika. Hilo lilitarajiwa; mgeni rasmi anayefika kwa wakati huenda akadhaniwa ni dereva. Saa tano ikapita. Saa sita chai ikaanza kuweka utando.

"Mama Mwai," akaita Mwende, jirani, mke wa polisi, "huo mkate unanukia, ama ni mimi niko na njaa?"

"Vyote viwili," Wangui alisema, akachukua kisu.

Wamae alikuja mbio. "Hapana! Hiyo ni ya Mheshimiwa!"

"Baba Mwai, mgeni akichelewa chai, anaosha vikombe." Akamtilia mumewe kipande mdomoni, na Wamae, aliyetaka kupinga, akajikuta anatafuna. Kwa muda wa kipande kizima hakuwa kaimu wa kitu chochote.

Wananchi walikula wote, hata makombo. Mwende alisema kama hii ndiyo serikali, basi yeye anaiunga mkono.

Saa nane gari likaingia. Mathenge akafunguliwa mlango, akasalimia tenti, akatazama meza.

"Mkate iko wapi?"

Jasho likamtoka Wamae, lakini miaka yake ofisini haikuwa ya bure. "Mheshimiwa, mkate umepitia ushirikishwaji wa umma."

"Wote?"

"Umma ulijitokeza kwa wingi."

Mathenge akavimba. Kisha akatabasamu, maana maikrofoni ilikuwa tayari mkononi. "Hakuna shida! Tutaoka ingine. Na hii nitasimamia mimi mwenyewe, muone vile kazi inafanywa."

Mashine ikaletwa chini ya tenti kwa waya mrefu, na kiti cha Mwenyekiti kikawekwa kando yake. Wangui akamkabidhi kikombe cha kupimia. "Kazi ni yako, Mzee."

Mathenge hakupima. Alisema yeye si mtu wa kunyima watu, akamwaga hamira kwa ukarimu. Akafungua, akaangalia. Akamwita mjumbe wa Bodi afungue. Akafungua apigwe picha. Picha ikawa na giza, akafungua tena. Kitufe fulani kilikuwa kinawaka, akakibonyeza kwa kuwa kilikuwa kinawaka. Mashine ikalia. Akaiambia ivumilie.

Kilichotoka kilikuwa kimeungua chini, kibichi juu, na kilipowekwa mezani vikombe viliruka. Tenti ikanyamaza. Ulikuwa unyamavu wa watu walioshiba.

Benter akaugawa kwa msumeno mdogo wa nyama aliokuwa ameuazima kwa Wangui, kwa kufuata mpangilio, na sehemu ya chini ikapelekwa kwa mwenyewe. Mathenge akauma. Ikasikika sauti ya chuma.

Kile kipande cha chuma kinachokanda unga ndani ya mashine kilikuwa kimebaki ndani ya mkate, kama inavyotokea mara nyingi, na kwa kawaida mwenye kuoka hukitoa kabla ya kukata. Lakini aliyeoka alikuwa Mwenyekiti.

"Ni madini ya chuma, Mheshimiwa," Wamae alinong'ona. "Unga wa siku hizi huongezwa."

Mathenge akashika shavu. Macho yalikuwa yamejaa maji. Mbele yake palikuwa na majirani, simu zilizoinuliwa, na maikrofoni iliyokuwa nzima. Akisema mkate ni mbaya, aliyeusimamia ni nani? Wamae alimtazama mdomo kama mshtakiwa anayemtazama hakimu. Mathenge akameza. Ilichukua muda.

"Huu," alisema, "ndio mkate. Vile iko, ndivyo itakuwa. Hii ndio kiwango. Na Wamae, kutoka leo, wewe sio kaimu."

Makofi yakapigwa, hasa na Mwende, aliyepiga na mbinja.

Mkurugenzi Wamae alianza kazi Jumatatu kwa moyo wake wote. Agizo lilikuwa limetolewa hadharani, naye hakuwahi kupuuza agizo. Akaweka kiwango jinsi kilivyotamkwa: uzito ule, rangi ile, ubichi ule juu, na chuma katika sehemu ya Mwenyekiti. Na kwa kuwa viongozi huongoza kwa mfano, kila kikao cha Bodi kikapangwa kuanza kwa kula mkate wa kiwango, na posho ikawa ya aliyemaliza kipande chake.

Kikao cha kwanza wajumbe kadhaa walikuwa na maumivu ya jino. Cha pili walikuwa na msiba. Cha tatu Mathenge alikaa peke yake kwenye meza ndefu, akautazama mkate, akaondoka bila posho. Jioni akapiga simu.

"Wamae, hii kitu tubadilishe."

"Inawezekana kabisa, Mheshimiwa. Bodi inakaa, inapitisha."

"Basi ikae kesho."

"Itakaa, Mheshimiwa. Ikishakula mkate, inaanza."

Wamae alisikia ulimi ukitafuta jino ambalo halikuwepo tena.

"Na chai? Angalau chai itakuwepo?"

"Chai ipo ya kutosha, Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Inakuja baada ya mkate."