Mashine ya Presha na Ukuta wa Mwalimu Machogu

Jumatatu, 9 Desemba 1996

Nimeamua! Tunapata mashine ya kuoshea kwa presha. Ya umeme. Soko letu la Ekerenyo zima hakuna aliye nayo.

Sababu ni wakwe. Jumapili wanakuja kuzungumza habari za ndoa ya binti yetu Eucabeth. Baba wa kijana ni Mzee Nyangate wa Masimba, mzee wa kanisa, Msabato mkali. Hanywi hata chai ya majani. Atakunywa kinywaji cha soya, na akinywa ataangalia ukuta. Ukuta wetu wa mbele una matope mekundu mpaka dirishani. Veranda ina ukungu wa kijani, juzi nusura mtu wa posta ateleze na barua zetu.

Mke wangu Nyanchera anasema ndoo, brashi na sabuni ya unga vinatosha. Mtu wa zamani! Umeme tumevuta mwaka jana na hadi leo kazi yake ni balbu tatu na redio.

Jirani yangu Nyasani amepaka nyumba yake chokaa. Leo ameniuliza mara mbili kama naona vizuri, maana nyumba yake inang'aa. Tutaona nani atang'aa.

Jumanne, 10 Desemba

Kisii mjini, dukani kwa Bwana Arvind. Amezaliwa hapa, Ekegusii chake kimenyooka kuliko changu. Ana mashine mbili. Moja ndogo ya manjano, unaibeba kwa mkono mmoja kama birika. Nyingine ya bluu: magurudumu, mpira mnene, bomba refu la chuma kama bunduki. Ee!

Arvind aliniuliza maswali kama daktari. Naosha nini? Ukuta na veranda. Ukuta gani? Plasta na rangi. Rangi ya lini? Ya zamani kidogo. Maji natoa wapi? Tangi la mvua. Akaweka mkono juu ya ile ya manjano. Akasema kwa kazi ndogo za nyumbani hiyo inatosha kabisa. Presha yake ni ya kiasi, hailambi tangi lote, na maji yanatoka yametawanyika, hayachubui rangi. Ile ya bluu ni ya gereji, ya kutoa grisi kwenye malori.

Grisi kwenye malori! Moyo ukaruka. Nikamwambia nyumba yangu ni kubwa. (Vyumba vinne, ukihesabu jiko.)

Halafu mpango wangu. Nilimwomba niijaribu ya bluu kwa wiki moja, ndipo niamue. Siri yangu: Jumapili wakwe wanaona, Jumanne inayofuata mashine inarudi, nami sijanunua kitu. Akili hizo! Arvind alikubali, akabaki na baiskeli yangu kama dhamana. Akaniambia nisisimame karibu na ukuta. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nashika bomba.

Alhamisi, 12 Desemba

Mashine imefika kwa pikapu ya majani chai. Niliita watu waje waone. Walikuja kama ishirini. Nikavaa gambuti. Nikatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo. Nikabonyeza swichi.

Umeme ukapotea. Soko lote! Ati nguzo imeanguka huko mbele, lakini Nyasani aliwaambia watu ni mimi. Wakaondoka wakicheka. Mmoja aliniuliza kama mashine yangu inaosha giza.

Kesho.

Ijumaa, 13 Desemba

Umeme umerudi saa tano. Niliwasha. Ngurumo! Kuku walipita juu ya ua. Matope yaliruka kama nzige. Veranda ilibadilika rangi mbele ya macho yangu. Nimesoma chuo cha ualimu, nimefundisha miaka kumi na tisa, sijawahi kujisikia mwanamume namna ile.

Nikahamia ukutani. Nikasogea karibu ili kazi iende haraka. Matope yalitoka. Halafu rangi ya krimu ikaanza kutoka, vipande vikubwa kama maganda ya ndizi. Chini yake kukatokea rangi ya kijani. Kwenye kijani kukatokea herufi. B. Halafu I.

Hapa lazima niandike ukweli. Nyumba hii niliinunua mwaka wa themanini na nane. Kabla ya hapo ilikuwa baa. Nilipaka ukuta mwenyewe kabla Nyanchera hajahamia, nikamwambia ilikuwa stoo ya mahindi.

Nilielekeza bomba kwenye zile herufi nizifute. Hazikufutika. Zilitakata! Kufikia saa nane ukuta wote ulisomeka kutoka barabarani: BIA BARIDI HAPA. NYAMA CHOMA. VYUMBA VYA KULALA.

Nyanchera alitoka jikoni akasimama. Akasoma yote, polepole. "Baba Eucabeth," akasema, "stoo ya mahindi ilikuwa na vyumba vya kulala?" Kisha akaniambia alijua tangu wiki ya kwanza, akina mama wa kisimani walimwambia. Miaka minane amenyamaza! Sijui nishukuru au niogope.

Eucabeth alirudi jikoni. Aliviosha vikombe vya wageni, akavipanga, akavitoa, akaviosha tena. Hilo liliniuma kuliko kelele.

Mbio dukani kununua rangi. Mwenye duka amefunga mapema, anajitayarisha kwa Sabato.

Jumamosi, 14 Desemba

Maduka yote ya rangi yamefungwa. Wanaume wawili walisimama barabarani, wakasoma, wakaingia, wakaomba bia mbili na viti. Nyasani alikuwa uani kwake akishika mbavu.

Jioni nikapata wazo. Ramani ya Afrika! Ile kubwa ya darasa la saba, ya kitambaa. Nimeichukua shuleni na kuitundika ukutani kwa misumari. Inafunika bia na nyama choma. Vyumba nimeviegemezea majani ya migomba, kama mapambo. Kwa kweli inapendeza. Nyumba ya msomi!

Jumapili, 15 Desemba

Wamekuja saba, kijana mwenyewe akiwemo. Mzee Nyangate, suti nyeusi, Biblia kwapani. Na dada yake mkubwa, Kwamboka, mama mfupi mwenye macho makali. Tuliketi verandani. Mzee aliisifu ramani, akasema mtu anayependa elimu hawezi kulea mtoto vibaya. Nilitaka kuruka!

Akaomba tuombe. Maombi marefu. Alipofika kwa wajane na yatima nikasikia msumari ukianguka. Halafu wa pili. Afrika ikajikunja kuanzia Misri kwenda chini. Nilifungua jicho moja. Kwamboka alikuwa amefungua yote mawili.

Amina. Saba wote wanasoma ukuta. Eucabeth alikuwa ameshika sinia ya soya, vikombe vinagongana. Nikafungua mdomo kusema ni zoezi la darasa la Kiswahili.

Kwamboka akanitangulia. "Nyangate, ndugu yangu, si hapa ndipo tulikuja kukutoa, ukakataa kuachilia meza?"

Mungu wangu. Mzee akakohoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia migomba yangu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hayo yalikuwa kabla hajaokoka. Kwamboka akasema ndiyo, na meza walienda nayo mpaka nyumbani. Nyanchera alicheka kwanza. Halafu kijana. Halafu Eucabeth, machozi yanamtoka, sinia ikachukuliwa na mtu mwingine isije ikaanguka. Mwishowe mzee mwenyewe alicheka, mabega yakitikisika.

Baada ya hapo mambo yalienda kama maji ya bomba. Hakuna masharti, hakuna mahubiri. Harusi ni Aprili! Kwamboka alimkumbatia Eucabeth, akamwita binti yake. Mzee aliomba kwenda msalani. Nikainuka nimwonyeshe. Alikuwa ameshazunguka kona, peke yake, bila kuuliza.

Usiku huu nimemweleza Nyanchera kwamba bila mashine yangu hayo yote yasingefanyika. Amegeukia ukutani akalala.

Jumanne, 17 Desemba

Nimerudisha mashine kwa Arvind na kuchukua baiskeli. Aliokota vipande vya rangi ya krimu kwenye magurudumu. Akaweka tena mkono juu ya ile ndogo ya manjano na kuniuliza kama sasa nimeamua.

Nimeamua. Nilimweleza kasoro ya ile ya bluu waziwazi: haina nguvu. Herufi bado ziko pale! Akaketi. Nikamwomba orodha ya mashine za viwandani, akanionyesha moja ya Mombasa, ya kukwangua kutu kwenye meli. Nimemwambia aagize ya kujaribu, wiki mbili tu.

Nyanchera hajui bado. Wala Mzee Nyangate, kwake itakuwa zawadi ya ukwe. Kabla ya Aprili nitaliosha lile kanisa lao la zamani kule Masimba, nje na ndani, umeme tutavuta kwa duka la jirani. Nimepita kuliangalia leo. Ni la udongo tupu, kwa hivyo uchafu ni mwingi sana.