Majagi Mawili ya Ukwaju

Jumatatu, 17 Machi 2025. Bagamoyo

Vishal kapiga simu ya video kutoka Dar. Mtoto wa baba mkubwa, ana miaka arobaini na mbili, bado anajisifu kama yuko shule ya msingi. Kaniinulia glasi: vodka, zafarani, maji ya waridi. Kokteli ya Kihindi, anasema, anajitengenezea mwenyewe nyumbani. Nikamjibu kwamba mimi natengeneza mwaka wa pili sasa. Uongo! Akasema basi Jumamosi anakuja kuonja. Kweli ulimi hauna mfupa.

Nimemweleza mke wangu. Saroj hakufikiri hata kidogo: pombe haiingii nyumba yenye picha ya Mataji, mungu wetu wa kike, tena mwezi wa Ramadhani, tena tukiwa ukuta mmoja na Mzee Mtoro. Nikakubali. Huwa nakubali kwanza.

Jumanne, 18 Machi

Duka nimechelewa kulifungua. Nilikwenda mpaka Kerege kununua vodka, chupa mbili, maana hapa mjini kila mtu ananijua: Nitin wa viungo. Nimezirudisha chini ya mananasi. Jaribio la kwanza: karafuu kumi na mbili, iliki, pilipili manga, vyote nikavichemsha na vodka. Kumbe vodka ikichemka inapaa! Kilichobaki ni karafuu tupu. Ulimi ukafa ganzi, mchana kutwa nimehudumia wateja kwa ishara.

Saroj kanusa sufuria, kauliza ni nini. Nikajishika kifua, nikakohoa: dawa. Akanimiminia kikombe kizima, akasimama pale mpaka nikakimaliza.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata! Ukwaju mzito, tangawizi, bizari nyembamba ya kukaanga, chumvi nyeusi, halafu vodka. Tamu mpaka nikajipigia makofi peke yangu jikoni. Na kwa kuitazama, ni ukwaju tu.

Hapo ndipo akili ikanijia. Marehemu mama alinunua majagi mawili ya bluu, pacha. Moja ni letu. La pili, tangu mwaka 1994, kila siku ya Ramadhani linakwenda kwa Mzee Mtoro na ukwaju wa kufuturia. Wala halijarudi tupu hata siku moja. Mkewe, Bi Kuruthumu, hutia kaimati, au tambi, au mkate wa kumimina. Mwaka waliokuwa na hali mbaya walitia ndimu tatu. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, mama alikuwa akisema hivyo huku anakula.

Basi kokteli nimeitia kwenye jagi letu, nikaliweka kwenye friji, bega kwa bega na lile la jirani. Nani atatafuta pombe ndani ya ukwaju?

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimerudi kutoka dukani magharibi inakaribia. Nikafungua friji. Jagi moja tu! Saroj ameshapeleka lingine. Lipi sasa? Ningeweza kuonja lililobaki. Tone moja. Sikuonja. Naandika tena ili nisisahau: sikuonja! Nimetoka mbio, kiatu mguu mmoja. Nimewakuta mkekani, adhana ndiyo inaanza, Mzee Mtoro ana tende mdomoni na kikombe mkononi. Nikapiga ukelele: Msinywe! Kuna pombe!

Mzee akakiweka kikombe chini taratibu. Mwanawe Ishaka alikuwa ameshapiga funda moja. Akakimbilia bombani kusukutua, akarudi anasema kizunguzungu kimeshaanza.

Nikarudi nyumbani, nikaonja jagi lililobaki. Lilikuwa langu. La kwao lilikuwa safi! Ishaka kalewa ukwaju mtupu. Nikaenda tena, shikamoo mzee, nikaeleza yote, hadi safari ya Kerege. Mzee Mtoro kaitika marahaba. Kasema ananiamini, mwanangu, ila chenye shaka wao hukiacha. Akalimwaga jagi zima chini ya mpapai. Nikageuka. Saroj kasimama nyuma yangu. Kasikia kila neno.

Jumamosi, 22 Machi

Jagi limerudi. Limeoshwa, limefukizwa ubani. Tupu.

Saroj kalipindua mara mbili, labda kuna kitu kimeganda chini. Halafu akalia. Mimi nikajifanya natazama kalenda. Miaka thelathini na moja mama kaijenga kwa ukwaju, mimi nimeibomoa kwa mdomo.

Chupa aliyoiona kaimwaga chooni, na kokteli yangu juu yake. Vishal kaandika kwamba mvua imezidi barabarani, haji. Chini yake kaweka picha ya glasi nyingine. Mshenzi!

Jumatano, 26 Machi

Kila jioni Saroj anakoroga ukwaju kwa mazoea, anafika mlangoni, anarudi nao. Tunaunywa wawili, haushuki. Ukutani tunasikia vikombe vyao. Zamani Mzee akishakunywa alikuwa akigonga ukuta mara mbili kushukuru. Sasa hagongi. Nasikitika mpaka naona haya kuandika.

Nimepata dawa! Kalamu ya wino usiofutika. Kwenye jagi letu nimeandika kwa herufi kubwa: HUMU HAMNA POMBE. Saroj kauliza ni nani duniani anayeandika hivyo kwenye chombo kisicho na pombe. Nimelisugua kwa mchanga saa nzima, maandishi hayatoki. Kalitupa juu ya kabati.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Asubuhi Saroj kavaa sari ya kijani. Kachukua ukwaju mkavu, tangawizi, sukari, na jagi la jirani. Nikauliza niende naye. Kasema nibaki, tena nikae mbali na mlango. Kaenda kuloweka na kukoroga jikoni kwa Bi Kuruthumu, mbele ya macho yake. Siku kumi nahangaika, yeye kamaliza kwa saa moja.

Adhuhuri ukuta ukagongwa. Mara mbili. Nikalia, sifichi. Jagi likarudi limejaa kaimati, na salamu za Bi Kuruthumu: Idi njema, na mwaka ujao Saroj akoroge kule kule kwao. Maana yake ukwaju wa mama hautatoka tena jikoni kwetu. Kosa langu. Nimesimama mbele ya Mataji, nimeapa: pombe basi.

Nimekula kaimati nane. Lakini shira yake, jamani! Iliki, zafarani, waridi kwa mbali. Vitu vile vile vya Vishal, tena bora mara mia. Ingepata tone tu la kitu...

Saroj kamwaga chupa moja. Ya pili imo dukani, ndani ya gunia la mchele. Vishal nimeshampigia, anakuja Jumamosi. Pa kuificha pia nimeshapata. Juu ya kabati kuna jagi limekaa bure, na lina maandishi makubwa kabisa. Nani atalishuku?