Injini Ni Ile Ile

Jumatatu, 4 Machi

Nimepitwa tena mlimani. Pale pale kwenye kona ya mawe. Ukosi kapiga honi, kapunga mkono taratibu kama anayeaga msiba, kapotea na vumbi lake. Mimi nimekanyaga mafuta mpaka kisigino kinauma, na basi linapanda kama mgonjwa anayekwenda msalani.

Basi ninaloendesha ni dogo, la kubeba vibarua kutoka kambini hadi juu tunakopasua mwamba wa kupitisha barabara. Wao wanaliita Konokono. Kuna mmoja mwenye mdomo sana, leo kashuka katikati ya mlima, katembea kando yangu, kaniuliza dirishani kama nimeamka salama. Ukosi anaendesha pikapu ya zana. Tunamwita Ukosi kwa sababu husimamisha ukosi wa shati hata jua likiwa la kukaanga mayai.

Jioni nyapara katuita sote wawili. Mtambo wa kusaga kokoto umeharibika, vipuri vinapatikana kwenye mji wa kiwanda, mbali huko. Gari moja litakwenda kuvifuata Jumapili, na dereva atakaa siku mbili akivisubiri. Kasema litakwenda gari linalofaa zaidi, pamoja na dereva wake. Kasema anatuangalia wiki nzima.

Mji wa kiwanda ndio kwetu. Nyumba yangu iko nyuma ya ukuta wa kiwanda hicho hicho. Mara ya mwisho kufika, mwanangu mdogo alikuwa anatambaa. Sasa anaongea. Jana mama yake alimpa simu, akamwambia aongee na baba. Akasema, "Hujambo, mjomba?" Shemeji yangu naye hupiga simu sana, kwa hiyo kwa mtoto kila mwanaume aliyemo ndani ya simu ni mjomba. Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka.

Nitakwenda mimi. Lakini kwanza lazima nimpite Ukosi mlimani, nyapara akiona.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua jambo la kutisha. Nilimwomba fundi afungue boneti zote mbili. Fundi wetu ni mama mmoja mfupi, husikiliza magari kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni. Namba zilizogongwa kwenye chuma zinaanza na herufi zile zile. Nguvu ile ile. Mtengenezaji yule yule. Injini ni ile ile!

Basi nikauliza mbele ya watu: kama injini ni moja, kwa nini huyu anaruka na mimi natambaa? Ukosi akajibu kabla fundi hajafungua mdomo. Akasema, "Injini moja, madereva wawili, ndugu yangu." Wakacheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Fundi akanivuta kando. Akasema injini si gari zima. Nguvu inayotoka mle hupitia giaboksi, halafu difu, ndipo ifike kwenye matairi. Pikapu imefungwa meno ya gia ya kuvuta mizigo mlimani. Basi limefungwa meno ya kwenda mbali barabara ya tambarare. Halafu kuna uzito. Halafu matairi. Akasema chukua mapacha wawili, mmoja mbebeshe gunia na umvishe ndara, mwingine mvishe raba, waambie wakimbie. Utamlaumu mama yao?

Aliendelea kueleza, tena kwa muda mrefu. Lakini mimi niliposikia uzito, nilikuwa nimeshapata nilichotaka.

Jumatano, 6 Machi

Alfajiri nimeng'oa viti vyote isipokuwa changu. Nimetoa tairi la akiba, jeki, sanduku la spana, hata mlango mdogo wa kabati la mbele. Vibarua walikaa chini kwenye magunia. Kila kona walimwagika upande mmoja, wakarudi upande wa pili, kama mbegu ndani ya debe. Yule mwenye mdomo akauliza kama viti vimekwenda likizo.

Lakini likavuta! Ukosi hakunipita kwenye kona ya mawe. Kanipita kona ya juu yake.

Wakati wa kushuka, pancha.

Sikuwa na tairi. Sikuwa na jeki. Nimetembea hadi kambini na vibarua nyuma yangu, kila mmoja ana maoni. Nyapara alikuwa getini. Akauliza viti viko wapi. Nikasema vinasafishwa. Akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akasema sitakula mpaka virudi mahali pake. Nilipomaliza, sufuria zilikuwa zinaoshwa.

Alhamisi, 7 Machi

Uzito si kitu. Siri ni matairi.

Pikapu ilikuwa gereji kutengenezwa breki, magurudumu yote manne yamelala chini. Makubwa, mapana. Nikapiga hesabu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini hii niliiweza: tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko tairi dogo. Kwa hiyo gari lenye matairi makubwa ndilo linalokimbia. Mtu anahitaji kusoma hadi wapi kulijua hilo?

Nati zikaingia kama zilizaliwa pamoja. Fundi aliporudi kutoka kula akakuta pikapu imevaa matairi yangu. Nikamwambia nimeelewana na Ukosi. Akauliza kama nina hakika na ninachofanya. Akaanza tena habari za meno. Nikamwambia, dada, nina haraka.

Mchana, mlimani. Sitaki hata kuandika. Basi liligoma na gia ya pili. Likagoma nusu na ya kwanza. Kila kona matairi yanasugua bati, harufu ya mpira unaoungua, vibarua wanakohoa. Na Ukosi, na vile vitairi vyangu, akapanda kama anafukuzwa na nyuki. Hakupiga honi. Nadhani hata yeye alishangaa.

Jioni akamwendea fundi kumshukuru. Akasema tangu akabidhiwe pikapu haijawahi kuvuta namna ile, amefanyaje? Fundi akamwambia shukrani zije kwangu. Akaeleza mbele ya wote kwamba tairi kubwa huibebesha injini kazi zaidi kila linapozunguka, na dogo huipunguzia. Na tairi kubwa, ukienda tambarare utapata mwendo, ukipanda mlima utalia.

Kwa maneno mengine, nimeamka mapema, nimechubuka vidole, nimemtengenezea Ukosi gari lake. Alicheka mpaka ukosi ukalala.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudisha matairi. Nimefikiri usiku kucha. Jawabu lilikuwa mbele ya macho yangu. Kama tatizo si injini wala dereva, tatizo ni gari. Kwa nini nihangaike kuligeuza basi liwe pikapu, wakati pikapu ipo?

Nikamwendea Ukosi kwa upole. Nikamsifia. Nikamwambia namwonea huruma na mgongo wake, pikapu inarusha, basi lina kiti laini na paa hadi nyuma, tubadilishane. Nilijiandaa kubembeleza hadi jioni. Akakubali kabla sijamaliza sentensi. Akasema kweli mgongo unamsumbua. Maskini, hajui alichokitoa.

Nyapara alituuliza kama tumekubaliana. Akanigeukia mimi, akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza tena. Nikasema, bosi, kabisa. Akasema sawa, kuanzia sasa kila mtu na gari lake jipya.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi nimempita Ukosi kwenye kona ya mawe. Nimepiga honi. Nimepunga mkono taratibu. Sijawahi kuendesha kwa raha namna ile maishani mwangu. Nyapara alikuwa amesimama juu, ameona kila kitu.

Jioni akatangaza linakwenda basi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza kwamba barabara ya mji wa kiwanda ni tambarare mwanzo hadi mwisho. Pikapu huko inanguruma bure na kunywa mafuta kama ina kiu ya mwaka. Basi linakwenda mbali kwa kidogo, na vipuri havitakiwi kulowa mvua. Akasema alijua tangu Jumatatu kwamba basi ndilo linalofaa. Alikuwa anatuangalia tu asije mtu akaliharibu, na mimi nusura niliharibu.

Nikamwambia dereva wa basi ni mimi. Akasema, "Nilikuuliza, ukasema kabisa."

Nimempa Ukosi viatu vya mtoto avipeleke. Saizi nimekadiria kwa kiganja changu. Amenihakikishia atavifikisha. Alikuwa amelaza ukosi wakati akisema hivyo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 15 Machi

Ukosi karudi jana. Vipuri salama. Anasema mtoto hajambo, viatu vimembana kidogo, ila alikataa kuvivua. Alimzungusha na basi kiwanda kizima.

Nimepiga simu. Mtoto akachangamka sana. Akasema, "Mjomba! Baba alikuja na basi!"

Mara hii mke wangu naye hakucheka. Akachukua simu, akaniambia njoo.

Nitakwenda. Nyapara kasema mwezi ujao kuna safari nyingine kule kule, na litakwenda gari linalofaa. Sasa nina pikapu, hakuna wa kunigusa. Isipokuwa leo mchana gari la wapima ardhi limenipita kwenye kona ya mawe, tena na viyoyozi vyao vimewashwa. Nimemuuliza fundi. Anasema ni injini ile ile. Akavuta pumzi aanze kunieleza habari za meno, nikamwambia asijisumbue, nimeshaelewa.

Haya nayaandika nimekaa kwenye kiti cha abiria cha pikapu. Ni laini kuliko nilivyodhani. Nimekiweka kando ya kitanda changu, pamoja na tairi la akiba na jeki.