Jina Langu Liondolewe kwa Samaki

Mto Mbaka, karibu na ziwa
Machi 1909

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma,

Nakuamkia kwa heshima zote mbili, ya kwetu na ya kwenu. Mimi ni Angetile, niliyempigia kasia Bwana wa Samaki siku kumi na mbili, alipokuwa akivua kila aina ya samaki wa mto huu na kuwatia katika chupa za pombe kali. Ni mtu mpole na sina ugomvi naye, ila amenitendea wema nisioumudu.

Siku ya mwisho aliinua samaki mdogo mwenye mkia mwekundu, akasema huyu hajaandikwa katika kitabu chochote Ulaya, na kwa kunishukuru akampa jina langu. Nilicheza ndani ya mtumbwi, nusura tuzame. Sikuwawaza wakamwana wangu.

Kwetu mke wa mwanao hakutazami usoni wala hatamki jina lako. Akikuona njiani, anaingia majanini mpaka upite. Basi tazama yaliyonipata:

1. Neli, mke wa mwanangu Lutengano, alifunua kapu la samaki hao, akakumbuka kuwa ni mimi, akajifunika nguo kichwani na kukimbilia migombani. Paka wakashiba.

2. Marita, mke wa Yotamu, ni jasiri zaidi. Aliwakaanga huku amewapa mgongo. Tulikula mkaa.

3. Tangu hapo ni ndizi asubuhi, ndizi jioni, na msimu huu mtoni hakuna samaki ila hao hao. Wanangu wananitazama kana kwamba nimekausha ziwa. Naumia kweli, maana nyumba yangu ilikuwa ya vicheko.

4. Jumapili mwalimu wa misheni alisoma habari ya mikate mitano na samaki wawili. Wakamwana wangu wakatoka nje ya kanisa.

5. Sasa wamekataa hata kuteka maji. Wanasema baba mkwe yumo mtoni mchana kutwa, tena bila nguo.

Kwa hiyo naiomba Boma itoe amri jina langu lifutwe kabla chupa hazijapanda meli. Samaki apewe jina la mtu asiye na mwana wa kuoa, au hata lako, Bwana Mkubwa, kwa kuwa wakamwana wako wako mbali na hawatasumbuka.

Nisalimie karani, askari wa zamu, mpishi wako, na yule nyumbu mweupe wa kubeba mizigo aliyenipiga teke mwaka jana, nilishamsamehe. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Ni mimi mtiifu wako,
Angetile

Nyongeza: Bwana wa Samaki amepita hapa sasa hivi. Anasema kufuta ni kazi ndogo, ataandika jina la Hezroni wa ng'ambo ya mto, ambaye siku zote kumi na mbili kazi yake ilikuwa kushika kamba ya mtumbwi tu. Hezroni! Bwana Mkubwa, barua hii ichane. Ndizi ni chakula kizuri sana, na wakamwana wangu nimeanza kuwachimbia kisima.